Pedi za bluu, shuka nyeupe za bei rahisi na unga wa kugandisha: hukumu ya mkunga mmoja Kisumu

Nianze na zile shuka nyeupe, maana ndizo zilizonitia hasara na hasira yake bado haijanitoka.

Zilikuwa zimekunjwa vizuri ndani ya nailoni, mia moja kwa bunda, laini kushika, na bei yake haifiki nusu ya pedi tunazonunua siku zote. Muuzaji ni kijana mchangamfu mwenye kibanda kisicho mbali na soko la Kibuye. Akaniambia, "Sista, hizi zinafyonza kila kitu. Hata viwandani wanatumia hizi hizi." Hilo neno la viwandani lingenishtua. Halikunishtua. Nikatoa pesa za kituo, nikabeba mabunda mawili, nikapanda matatu ya Kondele nikijiona mjanja kuliko wote waliokuwa ndani.

Usiku uleule mama mmoja chupa ikampasukia mlangoni mwa leba, kabla hata hatujampandisha kitandani. Nikatandaza shuka tatu sakafuni kwa madaha. Maji yakakaa juu yake kama umande kwenye jani la nduma. Nikasukuma kwa ncha ya kiatu ili yapenye, yakajikusanya vidonge vidonge, yakabingirika hadi ukingoni, yakashuka na kuelekea chini ya kitanda. Chini ya shuka sakafu ilikuwa kavu kabisa. Pembeni yake ndiko kulikokuwa na bwawa. Mama wetu wa usafi alisimama na mopu yake, akatazama kwa muda, kisha akauliza kwa ule upole wake unaouma: "Sista, hii ni ya kukausha ama ni ya kupamba?"

Kumbe ni shuka za mafuta. Zimetengenezwa kwa polipropilini, plastiki iliyoyeyushwa na kupulizwa ikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Plastiki hiyo hupenda mafuta na kuyakataa maji, na ndiyo sababu hutumiwa kwenye gereji, bandarini na kwenye meli: unaitupa juu ya maji yaliyomwagikiwa na dizeli, inakunywa dizeli na kuyaacha maji. Kiwanda kikitaka nyuzi hizo zinywe maji, huzipaka dawa jamii ya sabuni. Kwa desturi ya wanaoziuza, nyeupe huwa ni za mafuta, kijivu za kila kitu, manjano za kemikali. Hayo yote niliyajua baadaye. Dukani ningemwaga kifuniko kimoja tu cha maji ya chupa juu ya shuka moja na kungoja nihesabu hadi kumi, mambo yangeishia hapo hapo.

Yule kijana alikataa kurudisha pesa. Alinipa punguzo la glavu, nikakubali kwa shingo upande. Shuka zilizobaki nilimpelekea kaka yangu, fundi wa magari, nikakirudishia kituo fedha zake kutoka mfukoni mwangu. Kaka anazisifu mpaka leo. Anasema oili ya injini ikidondoka zinaifuta mara moja. Kwa hiyo, kwa haki: kwa gereji, nyota tano. Kwa leba, hata moja ni nyingi.

Sasa nijitambulishe. Mimi ni mkunga, mwaka wa kumi na tisa huu, na kwa sasa ndiye ninayesimamia zamu na kuagiza vifaa katika kituo kidogo cha uzazi hapa Kisumu. Vitanda vyetu ni vichache, maabara yetu ni chumba kimoja, na bajeti yetu ndogo kiasi kwamba kila pakiti ninayonunua lazima niitolee maelezo. Vitu vya kufyonza damu na majimaji ya mwili ndivyo vinavyokwisha haraka kuliko chochote isipokuwa glavu. Watu huviona kama karatasi ya kupangusia. Sivyo. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi ndani ya damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Tone lililojificha chini ya gurudumu la kitanda Jumatatu, mtu akiliparuza Ijumaa kwa mkono wenye mchubuko, bado lina nguvu. Nimechanjwa, namshukuru Mungu. Lakini si kila anayepiga deki humu amechanjwa, na hilo ni vita nyingine ninayopigana na wakubwa.

Tulikotoka ni kwa makintoshi, ule mpira wa kutandika kitandani, na leso. Mama alikuja na leso zake mbili, tunatandika mpira, tunatandika leso, akijifungua tunamkunjia mzigo wake mchafu ndani ya nailoni arudi nao nyumbani kwa mama mkwe akaufue. Siku hizi likinijia wazo hilo naona aibu. Ile damu tulikuwa tunaihamisha tu, kutoka sakafu yetu kwenda kwenye beseni la mtu huko Nyalenda. Leso ni nguo nzuri, ina kazi zake mia moja, ila damu ikizidi kidogo inalowa, inapitisha, inatiririsha.

Na pamba? Pamba ya hospitali ni nzuri kuliko sifa zake. Watu hudhani pamba ni pamba, ila ile itokayo shambani ina nta yake ya asili na haipendi maji. Lazima ichemshwe kwa magadi makali na kung'arishwa ndipo inywe. Jaribu na sufi ya mto wa kulalia uone. Bibi yangu alikuwa na mto wa sufi, na utotoni tuliuangusha ndani ya karai la maji tukashangaa unavyoelea kama bata. Sufi imefunikwa kwa nta na ndani ya nyuzi zake mna hewa, ndiyo maana zamani ilishindiliwa kwenye majaketi ya kuokolea watu majini. Ukiuziwa "pamba" ya bei ya kutupa sokoni, itupie kwenye glasi ya maji. Ikizama papo hapo, nunua. Ikielea, ishonee mto.

Tufike kwenye pedi za bluu, ambazo ndizo hasa nilikusudia kuandikia.

Hizi ni zile za kutandika kitandani, upande mmoja mweupe kama kitambaa, upande wa chini nailoni ya bluu, kipimo chake sentimita 60 kwa 90. Tumejaribu aina mbili. Ya kwanza tunainunua shilingi 650 kwa pakiti ya kumi, katika duka moja la vifaa vya hospitali Barabara ya Oginga Odinga. Ya pili ni shilingi 420, na huletwa na mtu wa pikipiki anayezunguka vituoni. Kwa macho zinafanana kama pacha. Zishike mkononi: ya 650 ina gramu 62, ya 420 ina gramu 38. Ukiichana ya 420 utakuta tabaka za tishu na uvumbi wa nyuzi za mbao, basi. Ukiichana ya 650 utakuta nyuzi za mbao za kutosha, nene kama blanketi la mtoto, na katikati yake chembechembe nyeupe kama chumvi. Chembe hizo ndizo mganga mwenyewe. Ni polima ya poliakrileti ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye nepi za watoto. Nyuzi za mbao huyavuta maji kwa kuyapitisha katikati yake, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, lakini ukizikamua zinayarudisha. Chembe huyameza, zinavimba, zinakuwa jeli, na hata mama akiketi juu yake hayatoki.

Jumapili moja ya mapumziko nilifanya mtihani wangu nyumbani. Sikupeleka damu nyumbani, akili zangu bado ninazo. Nilichanganya lita za maji na chumvi gramu 9 kwa kila lita, kiasi kinachokaribia chumvi ya mwilini, nikatia rangi nyekundu ya keki ili nione inakokwenda. Mizani ni ile ya kupimia unga. Kila kitu nilikimwagia mililita 500, nikangoja dakika mbili, kisha nikaweka juu yake mtungi wa lita tano uliojaa, kana kwamba ni nyonga ya mama, kwa dakika moja. Mume wangu alipita, akaangalia meza, akarudi zake sebuleni bila kuuliza. Tumeishi pamoja miaka mingi.

Pedi ya 650 ilikunywa yote. Mtungi ulipoondolewa, tishu niliyokuwa nimeilaza juu ilipata gramu 12 tu. Ya 420 ilijaa katikati, ikaanza kutoa pembeni kabla sijamaliza kumwaga. Karibu gramu 210 zilikuwa mezani, na mtungi ukaikamua nyingine 90. Yaani ilishika chini ya nusu. Pamba ya hospitali gramu 50 ilimeza zote 500 kwa haraka kuliko wote, nikapiga makofi, halafu mtungi ukakamua gramu 180 zikashuka mezani kama chai. Leso siisemi.

Kwa hiyo kwa hesabu ya duka, ya 420 ni rahisi. Kwa hesabu ya kitanda, unatumia mbili pale ambapo moja ya 650 ingetosha, na shuka ya chini bado inachafuka. Nilimwonyesha mkurugenzi wetu ile meza kwenye picha za simu. Akaacha kunituma kwa mtu wa pikipiki.

Hadi hapo ungedhani nimepata jibu. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka usiku mmoja wa mwezi wa nne.

Mama wa mtoto wa nne, alijifungua saa nane za usiku bila shida. Kondo la nyuma likatoka zima. Pedi ya 650 ilikuwa chini yake, na nyingine nikaongeza juu, ile desturi ya kuongeza tu. Nilimtazama: juu ya pedi palikuwa pekundu hafifu, pakavu, pasafi. Kwenye kadi nikaandika damu mililita 250. Nilikuwa na mama mwingine anayesukuma mtoto kwenye kitanda cha pili, nikageuka. Nikirudi baada ya muda, alikuwa anapiga miayo, na jasho dogo kwenye mdomo wa juu. Dada zangu wauguzi wanaujua ule mwayo wa mtu anayeishiwa damu. Mpigo wa moyo 120. Nikainua kona ya pedi ili nimgeuze, na mkono wangu ukashindwa. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Juu pakavu; ndani kisima.

Tulimkanda tumbo la uzazi, tukampa oksitosini ya kulikaza na dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu ikafunguliwa, nikamkagua hadi nikajua hakuna mahali palipochanika. Akapoa. Nilipopata nafasi nilizipima zile pedi mbili: gramu 870. Toa 124 za pedi kavu, zinabaki 746, na gramu moja ya damu ni karibu sawa na mililita moja. Mimi niliandika 250. Kiwango ambacho tumefundishwa kukiita kuvuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua ni 500.

Kosa ni langu, si la pedi. Ila pedi ile imeundwa makusudi ili juu pabaki pakavu, kwa ajili ya mgonjwa mzee anayelala juu ya mkojo wake na asipate vidonda. Kwa kazi hiyo ni rehema. Chini ya mzazi inakuficha lile unalopaswa kuliona. Ya 420, kwa ubovu wake, ingekuwa imemwaga damu sakafuni na ningeikanyaga.

Wakati naandika ile 250 nilikuwa nimeshasoma kuhusu utafiti wa E-MOTIVE, uliotolewa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Huko akina mama waliwekewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo chini ya nyonga, damu ikishuka unaisoma kama unavyosoma maziwa kwenye jagi, na matibabu yote yanaanza pamoja badala ya kufuatana. Visa vibaya vya kuvuja damu vilipungua kwa asilimia 60. Angalia vizuri: mfuko ule haufyonzi hata tone. Nilisoma nikasema naam, jambo jema kwa hospitali kubwa, nikaendelea na pedi zangu.

Siku hizi utaratibu wetu ni huu. Kabla mtoto hajatoka, pedi ya bluu, ikunywe maji ya uzazi na mkojo na mengineyo. Mtoto akitoka tu, ile pedi inaondoka, maana ukiiacha maji ya uzazi yataingia kwenye hesabu yako ya damu. Inakuja plastiki yenye mistari. Ikikosekana, na hukosekana, inakuja pedi mpya iliyopimwa ikiwa kavu, peke yake, bila nyingine kuongezwa juu kwa mazoea, na inapimwa tena kila inapotoka. Tulikuwa tunazipima kwenye mizani ya watoto. Msinitazame hivyo. Sasa ipo mizani yake ndogo, imefunikwa nailoni, na haigusi mtoto.

Jambo jingine kuhusu pedi hizi na damu. Nilipopima kwa maji ya chumvi zilikunywa vizuri, lakini damu halisi huingia polepole. Chembe hai nyekundu ni kubwa mno kuingia ndani ya jeli; majimaji yake yanaingia, zenyewe zinabaki katikati ya punje kama mchanga kwenye chujio. Mabonge ndiyo hayaingii kabisa, yanakaa juu kama maini kwenye sinia, na lazima uyapime peke yake. Pakiti inaposema "lita moja na nusu", jua walimwaga maji.

Kuhusu maji na chumvi nilijionea kwenye kile kitu cha tatu, unga wa kugandisha, ambao ni chembe zilezile za nepi peke yake. Unakuja kwenye vipakiti vidogo, unamwaga juu ya kilichomwagika au ndani ya beseni la matapishi, baada ya muda kila kitu ni jeli unayoizoa kwa koleo. Nilichukua kijiko kimoja cha chai, gramu 5, nikakitia kwenye lita moja ya maji ya mvua: yote yakaganda, kijiko kikasimama wima. Gramu 5 nyingine kwenye maji yangu ya chumvi zikashika kama mililita 200, mengine yakabaki yanaelea juu. Kisha mwanangu akanyunyiza chumvi ya mezani juu ya ile jeli nzuri ya kwanza, ikaanza kutoa machozi mbele yetu, ikalegea, ikawa uji. Ndivyo inavyokuwa ukimwaga klorini juu ya damu uliyoigandisha: unadhani unaua vijidudu, kumbe unaufungua mzigo uliokwisha kuufunga.

Sina imani sana na unga huu. Kwa beseni la matapishi ndani ya ambulansi inayoruka mashimo ya barabara usiku, sawa, hakuna kama huo. Sakafuni unateleza, mama wa usafi aliukanyaga ukiwa nusu jeli, akaenda mwereka akashikilia meza ya dawa, tukabaki tunaokota vichupa. Na kuna baya zaidi. Vipakiti vinafanana na vya sukari. Mwaka jana kimoja kilisahaulika kwenye kabati la kando ya kitanda, na dani mmoja, ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku, aliyekuja kumwangalia mkwe wake, akakichana akakisogeza kwenye kikombe cha chai. Muuguzi mwanafunzi ndiye aliyeudaka mkono wake. "Dani, hiyo si sukari!" Dani akacheka, akasema basi mbona mnaiweka karibu na chai. Alikuwa na haki. Huko Uingereza walikwisha kutoa tahadhari kwa hospitali zao mwaka 2017 na tena 2019, kwa sababu wagonjwa walikula punje hizi, zikavimba kooni, wengine wakafa. Kwetu sasa viko kwenye kabati lenye kufuli pamoja na klorini, na ukivitaka unaniomba ufunguo.

Kwa kumwagika sakafuni, nilirudi kwenye vya kale: tishu nene za mikono na vipande vya pamba, visivyo na nailoni mgongoni. Sababu yake tuliigundua kwa aibu. Tulikuwa tunalaza pedi ya bluu kifudifudi juu ya damu, tunamwaga klorini juu, tunangoja dakika 10 kama tulivyofunzwa. Klorini ilikuwa inakaa juu ya nailoni ya bluu inatutazama. Haikufika kwenye damu hata siku moja. Pedi ni ya kunyanyua wingi wa damu na kuondoka. Anayebaki na dawa lazima awe kitu kinachopitisha dawa. Unafunika, unamwaga kutoka pembeni kuingia katikati, unangoja, unazoa, unamwaga tena na kupangusa. Ile klorini ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji hukupa 0.5, na ichanganywe kila siku kwa sababu ya jana imekwisha makali, hasa na joto letu hili la ziwani. Mkojo ukiwa mwingi usiumwagie klorini kabla ya kuuondoa, utatoa mvuke wa kukufukuza chumbani.

Maabara nao wana karatasi zao za kufyonza, ndogo, za kufungia chupa za sampuli kabla ya kuziingiza kwenye kopo la pili na kupanda bodaboda. Kanuni ni kwamba karatasi iweze kunywa kila tone lililomo chupani iwapo itapasuka njiani. Wanazoletewa zinatosha. Sina la kuongeza, hazijanisumbua.

Anayenisumbua ni mzee wa tanuru. Kituo chetu hakina lake, tunapeleka taka kwenye tanuru la matofali la vyumba viwili, ule muundo uliobuniwa Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, ambao umesambaa sana nchini. Mzee analijua tanuru lake kama mpishi ajuavyo jiko. Zile pedi za 650 hazipendi. "Sista, mnaniletea maji ndani ya nailoni nichome," aliniambia. Na ni kweli: kile kinachozifanya nzuri kitandani, kushika na kutoachilia, ndicho kinachozifanya mbaya motoni. Jeli haikauki. Ukizitia nyingi pamoja moto unashuka, moshi unakuwa mweusi, na mzigo unatoka umeiva nje, ndani mbichi. Yeye huzichanganya, moja kwa kila koleo kadhaa za taka kavu. Pamba humfurahisha. Sisi nasi tumejifunza kutojaza mfuko wa manjano kwa pedi tupu, na kutoingiza ndani yake karatasi za sandwichi za wageni, ambazo ni za pipa jeusi. Nimebandika picha ukutani; maandishi watu hawasomi.

Neno moja kuhusu lile duka la Oginga Odinga. Si rahisi, na Jumamosi mchana kuna foleni ya wanafunzi wa uuguzi wanaonunua koti na saa za kubana kifuani. Lakini nilipomwomba dada wa kaunta anifungulie pakiti moja niijaribu kwa maji, hakuuliza kwa nini. Alivuta beseni, akamwaga mwenyewe kutoka chupa yake ya kunywa, akaibonyeza kwa kiganja, akanionyesha kiganja kikiwa kikavu. Akasema, "Sista, uliza pia kama inafaa kwa damu, hii wengi hununulia wazee." Angekuwa pale Kibuye siku ile ningekuwa na elfu kadhaa zaidi.

Nimeagiza katoni mbili za 650 kwa ajili ya kabla ya mtoto na kwa mama anayepumzika wodini. Mifuko yenye mistari nimeomba mia, nimeahidiwa arobaini. Pamba ya hospitali, kilo sita. Unga wa kugandisha sikuagiza, uliopo utatosha mwaka mzima kwa ambulansi. Na kwa zamu ya usiku wa leo nimeketi na kalamu ya wino mzito, nimeandika 62 kwenye kona ya kila pedi katika pakiti iliyofunguliwa. Moja ilikuwa 64, nikaandika 64.